Bando Limetoka Wapi? Mzazi wa Songea na Simu ya Mwanawe

Mtihani wa darasa la saba humalizika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Kati ya hapo mtoto wa Lizaboni au Bombambili hukaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu, hana kengele ya shule wala daftari la kusahihishwa. Wa kidato cha nne ana kipindi kirefu zaidi: humaliza mtihani Novemba, na akichaguliwa kidato cha tano huripoti Julai. Na mwisho huohuo wa mwaka ndipo mvua zinapoanza Ruvuma. Wazazi wengi wa Songea wana mashamba ya mahindi nje ya mji, upande wa Peramiho, Madaba au Namtumbo. Wanaondoka alfajiri, na wengine hulala hukohuko mpaka kupanda kuishe. Nyumbani wanabaki watoto, pengine na bibi yao, pamoja na simu.

Tukizungumzia watoto na mitandao, wengi wetu huanza na simu yenyewe: imeharibu watoto, ichukuliwe, ifungiwe kabatini. Mimi nashauri tuanze na kalenda. Simu ileile ambayo Februari haikuwa na neno, Desemba inageuka ugomvi wa kila siku, kwa sababu Februari mtoto hurudi amechoka, ana zoezi la hisabati na ana saa ya kulala; Desemba hana hata kimojawapo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mzazi haihusu mtandao kabisa. Kabla mtihani haujafika, mpangie mwanao miezi ile: masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, kwenda nanyi shambani kwa zamu, kukaa na mjomba kwenye karakana yake ajifunze ufundi, kwaya, madrasa, mpira wa jioni. Mwenye mahali pa kwenda saa nane mchana bado atacheza gemu, ila atacheza katika muda uliobaki.

Simu haiondoki

Mji wetu ulitegemea majenereta ya dizeli hadi umeme wa gridi ya Taifa ulipofika kutoka Makambako mwaka 2018. Sasa simu huchajiwa usiku kucha, na mahindi yakishauzwa simu janja ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuingia nyumbani. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol kuhusu Tanzania, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Hao ni wawili katika kila watatu. Kama mwanao hana simu, anaye rafiki mwenye nayo.

Na si michezo tu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, ol.tie.go.tz. Matokeo ya mitihani hutazamwa mtandaoni, na wanafunzi hutumiana maswali ya mitihani iliyopita kwenye makundi ya WhatsApp. Mzazi anayesema "kwangu hakuna mitandao" anamnyima mtoto na hayo pia, na kwa kawaida hafanikiwi.

Kwingine serikali zimejaribu kuwasaidia wazazi kwa amri. China, tangu Septemba 2021, inawaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu jioni ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Australia ilipitisha sheria Novemba 2024 ya kuzuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii, ikaanza kutumika Desemba 2025. Hapa kwetu hakuna sheria inayompangia mtoto saa za kucheza. Kazi hiyo imebaki sebuleni kwako.

Gemu inavyomshika mtoto

Mama anaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto anajibu "nakuja, mama" na hanyanyuki. Kwa mama huo ni utovu wa adabu, na kwa sehemu ni kweli. Sehemu nyingine ni jinsi gemu ilivyotengenezwa. Free Fire, PUBG Mobile na eFootball huchezwa na watu wengine walio hai kwa wakati uleule, kila mmoja na simu yake mahali alipo. Haiwezekani kusimamisha mechi, ukala, kisha ukarudi. Anayetoka katikati anawaangusha wenzake wa timu na kupoteza alama alizozihangaikia.

Ukilijua hili utaacha kuhesabu dakika na kuanza kuhesabu mechi. Mechi moja ya Free Fire, gemu inayopendwa sana kwa sababu inakwenda hata kwenye simu za bei nafuu, huchukua kama dakika 10. Ya PUBG Mobile inaweza kukaribia nusu saa. "Cheza mechi tatu, kisha ukachote maji" ni agizo ambalo mtoto anaweza kulitimiza bila kuaibika mbele ya wenzake. "Zima sasa hivi!" katikati ya mechi ni kutafuta ugomvi ambao mzazi atashinda siku hiyo na kuushindwa kesho yake. Kilicho muhimu ni kwamba mechi zilizokubaliwa zikiisha zimeisha, hakuna "moja tu ya mwisho". Hapo uwe mgumu.

Watengenezaji pia wanajua kumrudisha mtoto. Kuna zawadi ya kuingia kila siku, ambayo hupotea asipoingia. Kuna msimu wa mashindano unaokwisha baada ya wiki kadhaa. Kuna mavazi na silaha za kupendeza zinazonunuliwa kwa almasi, na almasi zinanunuliwa kwa fedha halisi. Hapo ndipo wazazi wengi hushtuka: fedha za mbolea zimepungua kwenye simu na hakuna aliyezitoa. Lakini jiulize nani anaijua namba yako ya siri. Katika nyumba nyingi mtoto ndiye anayetumwa kwa wakala, "kanitolee, namba ya siri ni hii". Tumemfundisha sisi wenyewe. Badilisha namba hiyo leo, na kuanzia sasa nenda kwa wakala mwenyewe au mtume mtu mzima. Kwenye duka la programu la simu yako, weka sharti la nywila kwa kila ununuzi.

Kitu kingine ambacho wazazi wengi hawakijui: gemu hizi zina maikrofoni na sehemu ya kuandikiana. Mtoto anayeonekana anacheza peke yake sebuleni huenda anaongea na mtu mzima aliye Dodoma, Nairobi au mbali zaidi. Jioni moja keti karibu naye, mwombe atoe visikilizi vya masikioni, sikiliza mechi nzima. Usihukumu papo hapo. Utajua lugha inayotumika, utajua wanaozungumza ni wa umri gani, na mtoto atajua kwamba unajua. Kisha muulize mmoja mmoja: huyu ni nani, umemfahamia wapi, mmewahi kuonana? Kwa wale asiowafahamu kwa sura, sauti inaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya gemu yenyewe, naye anajua inazimwaje kuliko wewe. Mwambie akuonyeshe.

Wasio na simu nzuri huenda kwenye vibanda vya gemu, vile vyenye runinga na mashine za PS, wanalipia kwa mechi au kwa muda. Kibanda si kibaya kwa sababu ni kibanda. Watoto wanacheza mpira wa kwenye runinga pamoja, wanataniana, wanaonana uso kwa uso. Mimi nakiona afadhali kuliko chumba kilichofungwa mlango. Lakini kitembelee. Angalia kama mwanafunzi mwenye sare anaruhusiwa kuingia saa nne asubuhi. Angalia kama pembeni kuna mashine ya kutumbukiza sarafu au vijana wanaokesha na mikeka ya kubeti, maana kamari kwa aliye chini ya miaka 18 ni marufuku kisheria, na msimamizi wake ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Angalia pia gemu zenyewe: Grand Theft Auto, inayopatikana karibu kila kibanda, Ulaya imewekewa alama ya miaka 18. Mwenye kibanda ni jirani yako. Mwamkie, mwambie mwanao ni yupi na saa ngapi hutaki kumwona pale. Wazazi watano wa mtaa mmoja wakisema neno hilohilo, atasikia. Asiposikia, yupo mwenyekiti wa mtaa.

Kuchati, na swali la bando

Gemu hula muda. Kuchati kunaweza kula zaidi ya muda, na hapa ndipo naomba mzazi asimame kidogo.

Utafiti ule wa 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka mmoja asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa vitendo vizito vya unyanyasaji na unyonyaji wa kingono kupitia mtandao, kiasi cha watoto 200,000. Wazazi tukisikia hivyo tunamfikiria mgeni wa mbali, mzungu nyuma ya kompyuta. Wapo wageni, ndiyo. Ila mara nyingi aliyemfanyia mtoto hivyo ni mtu anayemfahamu tayari: rafiki wa kaka, kijana wa mtaani, ndugu, mtu wa kumpeleka shule kwa bodaboda. Mtandao umempa tu njia ya kuongea na mtoto saa tano usiku bila kupita mlangoni.

Mtu wa namna hiyo haanzi na jambo baya. Anaanza na salamu, na kusifia picha, na kuuliza umekula nini, mpaka mtoto anaona huyu ndiye anayenijali. Halafu anatuma vocha. Anamuunga bando la wiki. Baadaye anamwambia hili liwe letu wawili. Ombi la picha huja mwisho, wakati mtoto anajiona ana deni.

Ndiyo maana swali ninalolithamini kuliko programu yoyote ya kudhibiti simu ni hili: bando limetoka wapi? Mtoto wa miaka 14 hana mshahara. Kama humnunulii wewe, wala baba yake, wala shangazi, na kila siku yuko mtandaoni, kuna mtu anamlipia. Huenda ni mwenzake anayemrushia intaneti kutoka kwenye simu yake, jambo la kawaida. Huenda si hivyo. Uliza kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza chumvi iliko, na umwachie nafasi ya kujibu. Na njia nzuri ya kulijua jibu daima ni kuwa wewe mnunuzi: bando dogo, siku maalumu, linalojulikana. Mzazi asiyetoa hata shilingi ya bando akidhani anambana mtoto, amemwachia mtu mwingine nafasi ya kulitoa.

Jihadhari hasa na bando la usiku. Kampuni za simu huliuza kwa bei rahisi kwa sababu usiku mtandao hauna watu wengi, na kwa mwanafunzi mwenye shilingi chache hiyo ndiyo saa ya kupakua na kuchati. Anaanza saa sita usiku nyumba ikiwa imelala. Chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani kinasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Anayelala saa nane usiku na kuamshwa saa kumi na moja na nusu kuwahi shule hapati hata nusu. Mwalimu atakuambia anasinzia kipindi cha kwanza, nawe utadhani ana malaria.

Kuhusu umri: TikTok, Instagram na Facebook zenyewe zimeweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kufungua akaunti. Mtoto wa darasa la tano mwenye akaunti amedanganya mwaka wa kuzaliwa, na mtandao unamhesabu kuwa mkubwa, unamletea vitu vya wakubwa. Na wadogo kabisa, tunaowapa simu ili watulie tukipika? Shirika la Afya Duniani linashauri wasiofikisha miaka miwili wasikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku.

Kuiweka simu sawa

Laini iliyo mkononi mwa mtoto wako imesajiliwa kwa jina na alama za vidole vya mtu mzima, kwa kawaida wewe. Atakachokifanya nayo kitaanzia kutafutwa kwako. Piga *106# ujue ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoifahamu nenda kaifute kwenye duka la kampuni husika.

Kama simu ni ya Android, na nyingi hapa ndizo, Google wana programu ya bure iitwayo Family Link. Unaiweka kwenye simu yako, unaiunganisha na akaunti ya mtoto, kisha unaweza kupanga saa ambayo simu yake inajifunga usiku, kuona programu anazotumia na kwa muda gani, na kuidhinisha kila anachotaka kupakua. Inahitaji simu zote mbili ziwe na intaneti. Usimwekee kwa siri. Mwambie unaiweka na kwa nini, maana akiigundua mwenyewe atatafuta simu nyingine na wewe utabaki unalinda simu tupu.

Kwa familia yenye simu moja ya wote, na hizo ni nyingi, mambo ni rahisi zaidi kuliko mnavyodhani. Simu ya baba au mama haina faragha ya mtoto, kwa hiyo ianzishwe desturi: inatumika sebuleni, inarudishwa saa mbili na nusu usiku kabla ya taarifa ya habari kwisha. Ondoa programu za fedha mbele ya macho yake au zifungie kwa nywila tofauti na ya kufungulia simu.

Kwenye WhatsApp fungua mipangilio ya faragha, tafuta sehemu ya makundi, chagua kwamba wanaoweza kumwingiza mtoto kwenye kundi ni wale tu walio kwenye orodha yake ya majina. Bila hivyo mtu yeyote mwenye namba yake anaweza kumtupa kwenye kundi la watu mia kadhaa wanaotumiana video za ngono au matangazo ya kubeti. Fanya hivyohivyo kwa picha yake ya wasifu na kwa taarifa ya lini alionekana mtandaoni mara ya mwisho. Kazi hii haizidi dakika tano, nayo inazuia uchafu mwingi.

Halafu usiku. Simu zote, ya mtoto na yako, zilale mahali pamoja nje ya vyumba. Juu ya kabati la vyombo, mezani, popote. Nasema na yako kwa makusudi. Baba anayemkemea mtoto kuhusu simu huku mwenyewe ana kidole kwenye TikTok hana neno la kumwambia.

Mambo yakiharibika

Mvulana wa kidato cha pili anapata ombi la urafiki kutoka kwa msichana mzuri asiyemjua. Wanachati siku tatu. Msichana anatuma picha, anaomba naye atume. Anatuma. Dakika chache baadaye ujumbe unabadilika: lipa laki moja usiku huu au picha inakwenda kwenye kundi la darasa lako na kwa mama yako. Aliye upande wa pili hakuwa msichana. Mbinu hii inatumika dunia nzima na wavulana wananaswa sana, hasa kwa kuwa wazazi wanawaonya mabinti peke yao.

Mtoto huyo usiku ule anafanya hesabu moja tu kichwani: nikimwambia baba, itakuwaje? Kama jibu analolijua ni kipigo na kunyang'anywa simu, hatasema. Ataiba fedha alipe, na akilipa ataombwa tena. Kwa hiyo ahadi ya muhimu kuliko zote katika makala haya ni ile unayompa mtoto kabla lolote halijatokea: "Mwanangu, ukipata shida yoyote mtandaoni, hata kama umekosea wewe, njoo kwangu. Sitakupiga, wala sitakunyang'anya simu kwa sababu umeniambia." Na siku ikifika, uitimize, hata kama moyo unawaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika nyumba nyingi sisi wazazi ndio tunaomfundisha mtoto kuficha.

Akishakuambia, msilipe. Msifute chochote. Pigeni picha za kioo zinazoonyesha namba, jina la akaunti, tarehe na vitisho vyenyewe, kisha ndipo mmfungie mtu huyo. Picha ya utupu ya mtoto usimtumie mtu yeyote, hata shangazi, hata "kama ushahidi": Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kusambaza ponografia ya mtoto kuwa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 7, au faini kubwa, au vyote viwili, na makundi ya familia hayana msamaha. Nenda na simu yenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa. Sheria hiyohiyo inagusa pia vitisho na usumbufu wa makusudi mtandaoni, pamoja na ule wa wanafunzi kwa wanafunzi wenzao, kwa hiyo usiambiwe kwamba ni utoto tu.

Kwa picha ambazo tayari zimetoka au zinaweza kutoka, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC. Inafanya kazi hata kwa aliye Songea. Picha haiondoki kwenye simu ya mtoto. Inatengenezewa alama ya tarakimu, na mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuitambua picha na kuiondoa.

Kama jambo ni utapeli wa fedha, ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" au ajira ya kubofya video, peleka ujumbe huo na namba ya tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo. Na kama aliye nyuma ya mazungumzo ni mwanaume anayemtaka mwanafunzi, kumbuka kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Usikubali kikao cha kuyamaliza kwa mbuzi.

Ni tabia au ni ugonjwa?

Neno "uteja wa gemu" tunalitupa ovyo. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la gemu katika orodha ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini masharti yake ni makali: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa inamdhuru, na hali hiyo kwa kawaida imedumu kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto aliyecheza mno likizo moja hajafika huko. Aliyeacha shule, aliyeacha kuoga na kula na wenzake, anayeiba ili acheze, anayepigana akizuiwa, na mwaka umepita, huyo apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ulizia huduma za afya ya akili. Mara nyingi wataalamu watamuuliza kwanza kuhusu mambo yasiyo ya gemu: msiba, ugomvi wa wazazi, kuonewa shuleni. Wewe pia unaweza kumuuliza hayo kabla ya kwenda hospitali, na pengine ukaokoa safari.

Shule nyingi za bweni, pamoja na hizi zetu kongwe za Songea, hazimruhusu mwanafunzi kukaa na simu. Wazazi wengine hupumua wakidhani kazi imeisha mpaka likizo. Mtoto anayekaa miezi mitano bila simu na kupewa yote kwa mpigo mwezi Juni, wakati baridi ya Songea inawafungia watu ndani, ataikalia usiku na mchana. Zungumzeni naye siku ya kwanza ya likizo, kabla hajaishika: mechi ngapi, bando la nani, simu inalala wapi.

Namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116. Haina malipo, inapokelewa saa 24, na anaweza kuipiga mtoto mwenyewe au mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto. Iandike kwenye jalada la nyuma la daftari lake, na umwonyeshe bibi anayebaki naye mtakapokwenda shamba.